Paka Katika Gambuti la Mwenyekiti

Siku hizi lami imefika mpaka milangoni mwetu hapa Kitengela, na watoto wa juzi wanadhani viatu vyeupe vimevaliwa hapa tangu zamani. Nawaacha wadhani hivyo. Sisi tuliohamia hapa miaka ya tisini, nyumba za Nairobi zilipotushinda, tunaujua udongo mweusi wa mtaa huu vizuri kuliko tunavyotaka. Mvua ikinyesha siku mbili tu, udongo ulikushika mguu ukakataa kuuachilia. Kwa hiyo kila mfanyakazi alikuwa na magambuti, yale mabuti marefu ya mpira. Ulitoka nyumbani umeyavaa, viatu vya ofisini vikiwa kwenye mfuko wa plastiki. Ukifika steji ya matatu ulibadilisha, ukamwachia Kathini magambuti, ukaenda zako mjini ukiwa mtu wa maana.

Kathini alikuwa mjane kutoka Masii, mwenye kibanda cha mabati kando ya barabara ya Namanga. Aliuza mkate, maziwa na mafuta ya taa, na ukuta mzima wa nyuma ulikuwa rafu za mbao zilizojaa magambuti yetu. Hakuandika jina la mtu popote. Aliyajua kwa kuyatazama.

"Wewe Nelima unakanyagia upande moja," aliniambia siku ya kwanza, akinionyesha jinsi kisigino changu kilivyolika. "Tembea sawasawa, utaumia mgongo."

Sikuwa nimemwomba ushauri, lakini Kathini hakungoja kuombwa. Malipo yake yalikuwa kwamba jioni ununue mkate kwake, na ole wako akuone umebeba mkate wa Nairobi.

Juu ya rafu zote, kwenye msumari, yalining'inia magambuti meusi ambayo hayakuwa ya mteja yeyote. Yalikuwa ya Muteti, mumewe, aliyefanya kazi kwenye machimbo ya mawe hadi homa ya mapafu ilipomchukua mwaka wa tisini na tatu. Kila Jumamosi Kathini aliyateremsha, akayapangusa, akayarudisha. Kuna jamaa aliwahi kuyaomba siku ya mvua kubwa, na Kathini akamtazama tu, mpaka jamaa akakunja suruali akaenda zake miguu mitupu. Yeye mwenyewe alivaa patipati, ndara za mpira, jua liwake au mvua inyeshe.

Watu walimpenda, ila kwa jambo moja: paka.

Mtaa ulikuwa umejaa paka wasio na mwenyewe, waliozaliwa kwenye mitaro na nyumba zilizoachwa bila kumalizwa. Kathini aliwapikia ugali kwa vipande vya matumbo alivyopewa na Kisemei, mwenye bucha ya jirani. Walikuja saa kumi na moja jioni, kwa uaminifu kuliko sisi tulivyokuwa tukienda kanisani. Kulikuwa na jike mmoja wa rangi ya majivu ambaye Kathini alimwita Madam, kwa sababu alikula polepole na hakutaka kuguswa. Kwa miaka miwili Kathini alikuwa akimnyemelea ili amguse sikio, na kwa miaka miwili Madam alikuwa akimkatalia.

Mimi sikuwapenda, nisidanganye. Mmoja wao alinilia kuku siku ambayo mama mkwe alikuwa amenitembelea, nikabaki kumwandalia sukuma wiki na maelezo. Lakini kisa changu ni kidogo mbele ya kisa cha Bwana Obonyo.

Obonyo alikuwa karani katika ofisi moja mjini, mtu wa Siaya, mrefu, mwenye suti tatu na mkoba wa ngozi. Alikuwa pia mwenyekiti wetu sisi wapangaji, na cheo hicho alikipata kwa haki. Mwaka uliotangulia, mwenye ploti, yaani mwenye nyumba, alituma vijana watupe nje vitu vya familia moja, na Obonyo akasimama langoni na mkataba mkononi akipiga kelele kwamba hakuna mpangaji anayetolewa bila notisi ya mwezi mmoja. Vijana walirudisha godoro ndani. Tangu siku hiyo hatukupumua. Notisi ya mwezi mmoja iliingia katika kila mkutano, hata tukijadili takataka.

Basi Novemba ya tisini na saba, mvua za El Nino zikiwa zimepamba moto, Obonyo aliletewa samaki kutoka nyumbani, ngege mzima wa kukaanga. Aliugeukia mlango dakika moja kumpokea mgeni. Aliporudi mezani alikuta mkia. Jumapili hiyo, baada ya kanisa, aliitisha mkutano na kutangaza kwamba Jumamosi inayofuata paka wote wa mtaa watawekewa sumu. Aliuliza nani anakubali. Mikono ikainuka, na wangu ulikuwa miongoni mwa ile ya kwanza.

"Nimesikia," Kathini alisema, akainuka akaenda kufungua kibanda.

Alhamisi jioni tulishuka steji chini ya mvua, tukajipanga mbele ya kibanda, viatu vya ofisini vikianza kunywa maji. Obonyo alikuwa wa kwanza, mimi wa pili.

"Mama, leta gambuti zangu haraka."

Kathini akampa la kushoto.

"Na ya pili?"

"Ya pili iko na mtu, chairman."

"Mtu gani? Mimi niko na miguu mbili!"

"Iko na Madam. Amezalia ndani."

Obonyo alidhani ni mzaha. Akapitisha mkono juu ya kaunta, akalifikia gambuti lake la kulia lililolazwa kwenye rafu ya chini, na mara mkono ukarudi mbio ukiwa na mistari mitatu myekundu. Kathini akasogeza taa. Ndani kabisa, pale vidole vya mwenyekiti vilipozoea kukaa, kulikuwa na watoto wanne, macho yamefumba, kila mmoja ukubwa wa kiazi. Madam alikuwa amewazungukia na alitutazama sote kwa chuki.

"Wamwage kwa katoni," Obonyo alisema.

"Mwaka jana nilihamisha wengine hivyo, nikifikiri nawasaidia. Mama yao akakataa kurudi. Watatu nilizika hapo nyuma." Kathini hakuwa akitania tena. "Hii gambuti haitoki hapa."

"Basi itatoka Jumamosi." Obonyo akafungua mkoba, akatoa pakiti ya sumu, akaiweka juu ya kaunta kati ya mikate. "Dawa niko nayo."

Mvua ilipiga mabati. Kathini aliitazama ile pakiti, kisha akauliza kwa upole, "Chairman, Madam amehamia lini kwa hiyo kiatu?"

"Nitajuaje? Jana. Leo."

"Na wewe ndiye mwenye nyumba."

"Ndiyo, ni yangu!"

"Sasa notisi ya mwezi moja umempa lini?"

Nyuma yangu mtu alicheka akajifanya anakohoa. Obonyo akageuka, akatutazama, akamgeukia Kathini.

"Huyo si mpangaji. Huyo ni paka!"

"Kwa ile mkataba yako imeandikwa mpangaji awe na miguu ngapi?"

Hapo foleni nzima ilivunjika mbavu. Hata mimi, niliyeinua mkono Jumapili, nilicheka mpaka nikashika nguzo ya kibanda. Lakini Obonyo hakuwa mtu wa kushindwa upesi. Alingoja tunyamaze, akauonyesha mguu wake wa kulia, kiatu cheusi kilichopakwa rangi vizuri, kisha akauonyesha ule mto wa matope uliokuwa njia ya kwetu.

"Sawa. Na mimi niende nyumbani na nini?"

Swali lilikuwa la haki, na kila mtu aliliona. Kathini aliangalia rafu. Kila gambuti lililokuwapo lilikuwa na mwenyewe, ama kwenye foleni ama bado njiani. Alijifuta mikono kwa leso ingawa haikuwa na maji. Kisha akavuta kigoda, akapanda, akayatoa magambuti ya Muteti kwenye msumari.

Hakuna aliyecheka.

"Ni saizi kumi," alisema, akiyapangusa kwa leso. "Zitakutosha."

Obonyo alikaa kwenye kreti ya soda akayavaa polepole. Aliposimama hakujua aangalie wapi. Akaichukua pakiti yake ya sumu, akairudisha mkobani.

"Mwezi moja," alisema. "Haitazidi hata siku moja." Akaingia matopeni.

Kathini alitugeuzia mgongo akapanga mikate ambayo ilikuwa imepangwa tayari. Nilitaka kumwambia neno jema, na neno lililonitoka lilikuwa, "Nipe mkate." Niliona haya njia nzima.

Jumamosi ilipita bila sumu. Mwenyekiti alitangaza kwamba notisi imeshatolewa na sheria lazima ifuatwe, akalisema kama wazo lake mwenyewe. Kila jioni alisimama kibandani kukagua mali yake. Wiki ya kwanza alilalamika kuhusu harufu. Wiki ya pili alitaka kujua kwa nini yule mdogo hafungui macho kama wenzake. Wiki ya tatu alileta omena, wale dagaa wa ziwani, ndani ya gazeti, akasema zilibaki tu nyumbani, zingetupwa. Wiki ya nne Kathini alifaulu kumgusa Madam sikio kwa kidole kimoja. Alipata mikwaruzo miwili, na akaionyesha kwa kila mteja kwa furaha.

Siku ya mwisho ya notisi, Apondi, mke wa Obonyo, alikuja akachukua watoto wawili akidai nyumba yake ina panya. Kisemei alichukua mmoja wa bucha. Wa nne nilimchukua mimi, nikasema nami ni kwa ajili ya panya. Alilala kitandani kwangu miaka minane na sikumwona na panya hata siku moja. Pakiti ya sumu Obonyo aliitupa chooni mbele ya mashahidi. Habari ya Madam hakuna aliyeigusa, naye akaendelea kukaa katika gambuti la kulia.

Jioni hiyohiyo Obonyo, akiwa amejinunulia magambuti mapya, alirudisha yale ya Muteti. Alikuwa ameyaosha, na pale kisigino kilipokuwa na ufa alikuwa amebandika kiraka cha tyubu ya baiskeli.

"Asante, mama. Mwenyewe alikuwa mtu mkubwa."

Kathini aliyapokea, akavuta kigoda chini ya msumari. Aliweka mguu mmoja juu yake, akasita. Nje maji yalikuwa yakitiririka mlangoni.

"Hazivuji?" aliuliza.

"Hata tone."

Akaketi kwenye kigoda. Akachana gazeti la omena, akalisukuma ndani mpaka kwenye vidole, kwa sababu mguu wake ulikuwa mdogo, akavua patipati, akayavaa. Akafunga kibanda, tukaongozana. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimemwachia magambuti yangu kila asubuhi ya mvua, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona Kathini akifika nyumbani na miguu mikavu.