Maanko wa Barabarani

Juzi, nje kidogo ya Embu, niliona watu wawili wakipishana kwa pikipiki kubwa, kila mmoja akiinua mkono wa kushoto. Nikasikia tena harufu ya petroli na ya koti la ngozi la Baba.

Nilipokuwa mtoto, alikuwa akinikalisha mbele yake, juu ya tangi la pikipiki lenye joto, mngurumo ukinifika hadi tumboni. Kila tulipopishana na pikipiki kubwa kama yetu, mikono iliinuka. Niliamini wote ni maanko zangu.

Alasiri moja, karibu na Kianjokoma, cheni ilikatika na mvua ikaanza. Mwanamume aliyekuwa ametusalimu punde tu tulipopishana aligeuza pikipiki akarudi. Alinifunika koti lake, akapiga magoti matopeni na Baba mpaka cheni ikashika.

"Asante, anko," nikasema.

"Haya, msalimie mama," akajibu, akaenda zake.

"Baba, huyo ni anko gani?"

Baba alijipangusa grisi. "Hata jina simjui."

Sasa najua ni desturi tu ya waendesha pikipiki kubwa. Siku ile, hadi nyumbani, nilimwinulia mkono kila niliyemwona, hata akina mama waliobeba vikapu vya majani chai. Nao, wamelowa chapachapa, wakainua yao.