Siku Baba Aliponipeleka Kutembea Ziwani

Juzi nilimwona mwanamume akipita mtaani Kalangalala amempakia binti yake kwenye keria ya baiskeli. Nilishikwa na hasira hata mwanangu mgongoni akashtuka.

Nilipokuwa mdogo kama binti yule, asubuhi moja mama alinipaka samli huku akijifuta machozi. "Ni moshi tu," alisema. Niliamini. Baba alinipakia kwenye baiskeli, akaniambia tunakwenda kutembea ziwani.

Tulipita vijiji vya wavuvi kimoja baada ya kingine, vyote vikinuka dagaa walioanikwa. Kila tuliposimama, baba aliwaambia wenyeji ananipeleka kwa dada yake asiye na mtoto.

"Usije ukamlilia shangazi yako," mama mmoja aliniambia akinipa kiazi.

"Nilie nini? Nimekuja kwa baiskeli!"

Wakacheka. Baba akageuka kutazama ziwa.

Leo najua kwetu ndugu asiye na mtoto hupewa mtoto. Shangazi ndiye aliyenisomesha hadi sekondari, na watu huniambia nishukuru. Shule naishukuru. Lakini wazazi wangu wote wawili walikuwa na midomo, na hakuna aliyeniaga.

Tulipofika kwa shangazi, baba alisema anakwenda nyuma ya nyumba kujaza upepo gurudumu. Nilikaa mlangoni nikisikiliza sauti ya pampu. Sikuisikia. Jua likapungua nguvu, kuku wakaanza kurudi bandani.

"Ingia ndani, mwanangu," shangazi alisema taratibu. "Baba yako sasa yuko mbali."

"Hawezi kuwa mbali, shangazi," nilimjibu. "Gurudumu lake halina upepo."