Kibao Nilichotoka Nacho

Nimeacha kazi leo, siku ya tisa tangu nitoke Kigoma kuja kufundisha Kolwezi, huku Kongo.

Direkta wa shule aliniletea darasani binti wa darasa la nne na kibao cha adhabu chenye kamba ya shingoni.

"Tata mwalimu, huyu mutoto alisema Kiswahili ku rekreasio, saa ya kucheza. Hapa ni Kifaransa tu. Umuvalishe."

Binti alikuwa ameshainamisha shingo. Amezoea!

Nikakivaa mimi.

"Tata, hapana wewe!" direkta akamaka.

"Mbona sote watatu tumesema Kiswahili, direkta? Nikichoka nitakupa."

Darasa likaangua kicheko. Direkta akanyoosha kidole mlangoni.

"Muvalishe, ao utoke."

Nimekimbia nchi mbili maishani, kila mara kwa kufukuzwa. Leo nimetoka kwa hiari, kibao shingoni, hadi nje ya geti.

Angalau mchana huu hakuna mtoto aliyekivaa.

Ninyi mngefanyaje?