Waliponiombea Nirudi Chuo

Jumapili waliyoniita mbele kuniwekea mikono, machale yalinicheza kabla mchungaji hajafumbua mdomo. Keki ilikuwa kubwa kuliko ya harusi yoyote ya mwaka ule. Mama mchungaji alinikumbatia kwa muda mrefu mno, na mtu anayekukumbatia hivyo wakati hujafiwa ana jambo. Mchungaji akatangaza kwamba kanisa limeomba, na Bwana ameonyesha kwamba dada yetu mpiga kinanda arudi chuo akasomee muziki. Vigelegele vikapigwa. Nami nikainamisha kichwa kama mtu anayeombewa, jicho moja wazi, nikiangalia ni nani anayefurahi kupita kiasi.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini, Tottenham. Kanisa letu la Kiswahili lilikuwa linapanga ukumbi wa kanisa la Waingereza. Wao wakitoka mchana, sisi tunaingia na masufuria yetu. Wakenya walikuwa wengi, mchungaji akiwemo, sisi Watanzania wachache wenye kelele. Mimi nilitoka Tanga, nilikoacha chuo cha ualimu njiani siku viza ilipotoka, na kiti cha kinanda nilikuwa nimekikalia tangu kanisa lilipokuwa watu wa kutosha sebule moja. Siku za kazi nilitunza wazee majumbani mwao. Nilifungua milango kwa funguo za watu, nikapika chakula cha watu, nikaulizwa na watu kama nitarudi kwetu lini. Kiti kile ndicho kitu pekee katika London nzima nilichokiita changu, na nilikilinda.

Kwa wasiojua mambo ya kinanda cha kanisani, nieleze kidogo. Kwetu wimbo hauanzi na kinanda. Anaanza mtu yeyote aliyeguswa, kutoka kiti chochote, kwa sauti aliyoamka nayo, na mpiga kinanda ndiye anayemkimbilia. Kwa hiyo wengi wetu tulijifunza kupiga mahali pamoja tu, kwenye zile funguo nyeupe za kinanda, na kazi iliyobaki tukakiachia kitufe kidogo kilicho upande wa kushoto. Ukikibonyeza, kinanda kizima kinapanda au kinashuka, vidole vyako vikibaki palepale vilipozoea. Mimi nilikuwa bingwa wa kitufe hicho. Mtu akianza chini nilimpata kabla hajamaliza mstari. Ubeti wa pili nikampandisha kidogo, wa tatu tena, mpaka mwisho kanisa zima liko darini. Niliita huo upako. Ikiwa watu walinyamaza njiani, nilijua wamechoshwa na kazi za usiku, au wananinunia. Kununiwa nilikuzoea.

Sasa, muda mfupi kabla ya keki, alikuwa amehamia kwetu ndugu mmoja kutoka Nairobi. Wageni hukaa nyuma. Huyu alikaa safu ya mbele, upande wa kinanda, na hakuangalia madhabahu, aliangalia mikono yangu. Nikamuuliza kama anapiga.

"Kidogo tu, dada," akasema.

Asiyejua kupiga husema hajui. Anayesema kidogo tu, huyo ndiye wa kuogopwa.

Nilimsimulia mama niliyekuwa namtunza Stanmore, Mhindi aliyezaliwa Mwanza. Wajukuu zake hawakujua Kiswahili, kwa hiyo alikihifadhi chote kwa ajili yangu. Nilikuwa namvalisha soksi.

"Keki kubwa?" aliniuliza.

"Kubwa sana."

"Basi wanataka uende. Sisi dukani, karani tukitaka aondoke, tulikuwa tunamwombea apate kazi nzuri zaidi."

Ningekataa, lakini utayakataaje maombi? Walikuwa wamenivika kilemba cha ukoka mbele ya kanisa zima, na kukivua palepale kungekuwa kuwaambia kwamba nimewashtukia. Na sitadanganya, chuo nilikitaka. Tangu nilipokiacha kile cha kwanza nilikuwa na njaa isiyoisha kwa wali. Nikajiandikisha chuo cha watu wazima ng'ambo ya mto, darasa la muziki. Darasa likawa Jumamosi, saa zilezile za mazoezi ya kwaya. Mchungaji alipoambiwa hivyo hakusikitika hata kidogo. Alisema ndugu yetu wa Nairobi atashikilia mazoezi, na Jumapili niendelee mimi kwa sasa.

Mwalimu wetu alikuwa Mwingereza mwembamba, sweta limetoboka viwiko, ana upole wa kutiliwa shaka. Darasani tulikuwa watu wazima watupu. Siku ya kwanza alimsimamisha dereva mmoja wa basi aimbe, akaniambia mimi nimsindikize kwa piano. Ilikuwa piano ya mbao, ya zamani. Yule dereva akaanza, tena akaanzia mahali pabaya, katikati ya zile nyeusi. Mkono wangu wa kushoto ukaenda wenyewe pembeni kutafuta kitufe. Ukapapasa mbao. Ukashuka chini ya ukingo, ukapapasa tena, kama mtu anayetafuta swichi ya taa katika nyumba ya watu. Dereva akamaliza ubeti mzima peke yake, mimi bado napapasa.

Hakuna aliyecheka, na hilo lilinikasirisha zaidi.

"Unatafuta nini?" mwalimu akauliza.

"Hamna kitu."

"Basi ubeti wa kwanza weka mikono mapajani. Msikilize tu."

Ikawa ndiyo amri yangu ya muhula mzima. Wenzangu walipiga, mimi nilikalia kiti cha piano, mikono mapajani kama bibi harusi. Nilishuku rangi yangu. Nilishuku lafudhi yangu. Kwenye treni ya kurudi Seven Sisters nilifika hadi kushuku kwamba mchungaji amempigia simu huyu mzungu, wapange kuninyima kinanda pande zote mbili za mto. Leo nacheka. Siku ile nilishuka kituoni nikiwa nimeng'ata meno.

Lakini mikono ikiwa mapajani, masikio yanakosa visingizio. Jumamosi baada ya Jumamosi nilimsikiliza yule dereva akiimba, mpaka nikasikia jambo ambalo lilinishangaza. Alikuwa na kifua kibovu, na alivuta pumzi katikati ya mstari, mahali ambapo mtu mwingine angepita tu. Kama ningeingia kwa kasi yangu niliyoizoea, ningemkanyaga hapohapo. Nilikuwa nimepiga kinanda karibu nusu ya maisha yangu na sikuwahi kumsikia mtu akipumua.

Ningependa kusema kwamba jambo hilo lilinituliza, lakini sivyo nilivyoumbwa. Jumamosi moja mwalimu aliumwa, darasa likaahirishwa, nami nikapanda treni moja kwa moja hadi Tottenham. Nilijiambia napita tu kuwasalimu. Hakuna anayekwenda kusalimu kwa kunyata.

Mlango wa ukumbi ulikuwa umefungwa kwa sababu ya baridi. Nikasimama nje nikatega sikio. Walikuwa wanaimba. Walikuwa wanaimba kama watu wa kwetu, sauti zote nne, akina baba chini kabisa wakitikisa vioo, na kinanda kikisikika kwa mbali. Sikuwa nimewasikia hivyo tangu enzi za sebule. Nilisikia uchungu, nikasikia wivu, na juu yake ile furaha mbaya ya mtu aliyeshuku akapatia. Nikasukuma mlango.

Wimbo ukafa. Hakuna aliyeukatiza. Ulikufa safu kwa safu, kadiri walivyoniona, soprano kwanza kwa kuwa ndio walioelekea mlangoni. Ndugu wa Nairobi alikuwa ameshasimama.

"Karibu, dada. Kiti chako hiki," akasema, akikifuta kwa kiganja.

Sikukitazama. Nilimwambia mchungaji twende jikoni.

Jikoni alinimiminia chai ya maziwa, akatia sukari bila kuniuliza, akakoroga muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji. Nikamwuliza waziwazi kama walinipeleka chuo ili wanitoe kwenye kinanda.

"Tulitaka tu kupumzika kidogo, dada."

"Nani amekwambia nimechoka?"

"Si wewe umechoka," akasema. "Ni sisi."

Nilisubiri acheke. Hakucheka.

"Watu waliacha kuimba. Ukianza kupandisha, hawakufikii, wananyamaza. Wamama walikuja kwangu mmoja mmoja. Kuna wengine siku hizi wanachukua shift ya Sunday makusudi."

"Miaka yote hii hakuna hata mmoja wa kuniambia?"

"Nani angekuambia? Mtu akikusalimia, unamuuliza ametumwa na nani." Akanisogezea kikombe. "Hatukujua vile tutakuambia bila kukuumiza. Ndio tukaona tukuombee."

Huo ndio utaratibu wetu, na nilipaswa kuujua, maana mimi mwenyewe nimeutumia kwa wengine. Mtu akituelemea hatumwambii, tunampandisha cheo mpaka atoke njiani. Nilikuwa nimeshuku wivu. Nilikuwa nimeshuku njama, nimeshuku ukabila, Mkenya akimtengenezea Mkenya mwenzake nafasi. Kwamba watu wazima walikaa chini wakaumiza vichwa jinsi ya kunihurumia, hilo sikulishuku hata mara moja. Nilitamani ingekuwa njama. Njama ningeijibu.

Nilikaa nyumbani Jumapili kadhaa nikiwa na hasira, kisha hasira ikaisha ikabaki aibu, nayo aibu ni mbaya zaidi kwa sababu haina wa kugombana naye. Chuo sikukiacha. Ilikuwa ajabu, lakini pale ambapo nilikuwa nimekatazwa kupiga ndipo mahali pekee ambapo sikuwa nimemdhuru mtu. Mwalimu akaniruhusu niingie ubeti wa pili, kwa mkono mmoja, huku nikijikwaa kwenye zile nyeusi kama mtoto. Dereva aliniambia, kwa upole, kwamba sasa anaweza kumaliza mstari wake.

Niliporudi kanisani nilikaa safu ya nyuma, pembeni ya bibi mmoja wa Kitaita aliyeletwa London kuwalelea wanawe watoto. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyingi za nyimbo zile nilizozikimbilia. Kwenye kinanda nilimjua kama sauti iliyo chini mno, inayohitaji kuokolewa. Pembeni yake nilimwona akifumba macho, akilamba midomo, akitafuta kwanza ndani yake mahali pa kuanzia. Hakuwa chini mno. Alikuwa mahali pake.

Kisha simu ikalia siku moja, ndugu wa Nairobi.

"Dada, Sunday niko na shift na hawajapata mtu wa kunicover. Utanishikia kinanda?"

"Nani amekutuma?" nikauliza kabla sijajizuia.

"Hakuna mtu, dada. Niko kazini tu."

Jumapili ile nilipokwenda kukaa kwenye kiti, ukumbi ulitulia kuliko kawaida. Nikainua macho, nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona nikiwa pale, kwa sababu siku zote nilikuwa na kazi ya kuwachunguza wao. Walikuwa wananichunguza mimi. Akina mama wa soprano walikuwa wameshika vitabu vyao kifuani. Mchungaji alijifanya anasoma Biblia, lakini hakugeuza ukurasa. Walinitazama kama nilivyowatazama miaka yote, wakingoja nifanye nilichozoea. Moyo uliniuma sana, na nikaona hawakosei.

Bibi akaanza kutoka nyuma, chini, mahali pake.

Niliweka mikono mapajani. Ubeti wa kwanza ukaisha bila mimi. Watu waliimba kwa tahadhari, sauti nusu, jicho kwangu. Ubeti wa pili ukaanza, nikamsikia bibi akivuta pumzi, na nikasikia akina baba wakivuta pumzi pamoja naye, bila kupanga. Nikaingia hapo kwa mkono wa kushoto peke yake, taratibu, kwenye zile nyeusi zilizonitesa muhula mzima. Nilikosea mara moja au mbili. Hakuna aliyegeuka. Kufikia kiitikio cha tatu walikuwa wameacha kunitazama, wamefumba macho, wanaimba, na akina baba wakateremka kule chini kabisa. Sikumpandisha mtu. Nilikuwa nalia, na sikutaka mtu ajue, ila hapakuwa na mtu wa kujua kwa kuwa hakuna aliyekuwa na haja na mimi. Hicho ndicho nilichokuwa nimekiogopa tangu siku ya keki, na kilipofika nilikuta ndiyo kazi yenyewe.

Baada ya ibada, wakati wa chai, bibi alikuja kwangu polepole akiwa na kikombe chake. Nikamwamkia. Aliitikia, akanishika paji la uso kwa mgongo wa mkono, akatuliza mkono pale.

"Mwanangu, leo unaumwa?"

"Siumwi, bibi. Mbona?"

"Sikukusikia kabisa."

Nikamwambia niko mzima. Alinitazama machoni, huku na huku, kama mtu anayehesabu chenji mara ya pili, na nikaona wazi kwamba haniamini.

"Basi kama ni ugonjwa," akasema, "usipone haraka."