Mwalimu Aliyeketi Chini

Kila asubuhi mwalimu alifika kwenye stesheni ya Kolwezi, mkoani Katanga, ambako familia zenye asili ya Kasai, zilizofukuzwa majumbani mwao, zilingoja treni kwa wiki ya tano. Yeye hakufukuzwa, kwa kuwa kwao ni kaskazini mwa mkoa huohuo, na majirani zake walimnunia kwa safari hizo. Alipangusa ubavu wa behewa bovu kwa ncha ya kitenge chake, akaandika tarehe, kisha akachuchumaa na kumsalimu kila mtoto kwa jina. Sauti yake ilikuwa ndogo, basi watoto walisogea wamsikie.

Mianda, msichana wa miaka kumi na miwili, ndiye pekee aliyekataa kusogea. "Balitufukuza ku masomo, mama mwalimu. Masomo ni ya benye kubakia." Mwalimu hakumkaripia. Asubuhi moja alimwona akigawa bidoni moja ya maji, dumu la plastiki, sawasawa kwa watu saba wa familia yake, na hakuna aliyenung'unika. "Mi siyue vile unafanyaka," alimwambia, akimtia chaki kiganjani. "Unifundishe." Kisha akaenda kuketi mavumbini katikati ya watoto. Mianda alikwenda mbele ya behewa, akachora bidoni, akaikata kwa mistari sita, akieleza kwa kunong'ona. Mwalimu akanyoosha kidole kama mwanafunzi. "Mwalimu, pale sikusikia muzuri." Watoto wakaangua kicheko, akina mama wakaacha masufuria yao, wakageuka kutazama.

"Munyamaze!" Mianda alisema, kwa sauti iliyofika mwisho wa stesheni. "Nitarudilia ku mwanzo."