Chanjo Tuliyomficha Mama

Dada yangu alichanja Uviko kimyakimya, na mimi ndiye niliyemsindikiza. Mama alikuwa ametukataza. Alikuwa amesikia mengi kule kijijini karibu na Matai, na akishakataza jambo, nyumbani kwetu halijadiliwi. Tulikuwa watu wazima, dada ana duka lake la vitenge mtaa wa Majengo, mjini Sumbawanga, lakini tulimficha kama watoto walioiba sukari.

Siku ya tisa kichwa kilianza kumuuma. Tukasema ni baridi. Mwezi wa nane upepo wa Sumbawanga hauna huruma. Akajifunga kitambaa, akameza dawa za maumivu, akaendelea kuuza. Siku ya kumi na moja akawa anaona watu wawiliwawili, akatapika dukani. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Mama akapanda gari, akaja na unga wake wa ulezi ili ampikie mgonjwa uji.

Hospitalini daktari alimwamkia mama kwanza, kisha akauliza kama mgonjwa alipata chanjo yoyote karibuni.

"Hajachanja," mama akajibu. "Nilimkataza mimi mwenyewe."

Dada alikuwa hajitambui vizuri, kwa hiyo aliyejua nilikuwa mimi peke yangu. Kwetu mzazi hasahihishwi mbele ya mgeni. Nilifundishwa hivyo kabla sijajua kusoma. Nikatazama sakafu. Daktari akaandika.

Nilikaa na neno lile mpaka kesho yake asubuhi. Nilijidharau, lakini sikusema. Dada alipoanza kukakamaa na kutetemeka kitandani, ndipo nikamwambia daktari, mama akiwa amesimama palepale. Daktari hakunigombeza. Aliagiza damu ipimwe upya, akabadilisha dawa aliyokuwa amepanga kumpa, akatuandikia rufaa ya Mbeya. Huko picha ilionyesha damu imeganda kwenye mshipa wa ubongo. Walituambia ni jambo la nadra mno, karibu wote wanaochanja haliwapati, ila likitokea linataka kujulikana mapema. Hilo la mwisho walilisema kwa upole, bila kunitazama.

Dada yuko hai. Upande wa kushoto haoni vizuri, na vitenge anakatiwa na mwingine.

Mama hakunilaumu. Siku ya kurudi, basi lilipopita Laela, akauliza, "Mwanangu, hivi mlikuwa mnaniogopa kiasi hicho?"

"Ndiyo, mama."

Akageukia dirishani, akalia mpaka tukafika mjini.