Nahodha Niliyemfanya Mpika Kahawa

Niliharibu hadithi ya binti yangu, na jina lake nikaliacha juu ya ukurasa kana kwamba kazi ni yake. Siombi kuonewa huruma.

Shule niliiachia njiani. Kiingereza nilijifunza mwenyewe hapa Wete, kwa kamusi na riwaya kuukuu za safari za anga. Nilizisoma kwa utaratibu, moja baada ya moja, nikajiona mjuzi. Humo mwanamke ana kazi tatu: kupiga mayowe, kuokolewa, kuolewa. Akiwa msomi, usomi wake unakwisha sura ya pili, kisha anapika kahawa. Miaka yote ile niliona ni sawa!

Shuleni kwa binti yangu waliambiwa waandike hadithi za kusomwa mbele ya wazazi. Yeye akabuni kijiji kilicho ndani ya chombo kinachoelea angani. Wanaume wamekwenda dago, kambi ya uvuvi ya miezi mingi, kwenye nyota za mbali. Nyuma yao chombo kinaharibika, na nahodha ni mwanamke. Mambo hayo aliyatoa kwa mama yake, mzaliwa wa Kojani. Kule wanaume wakienda dago, kisiwa chote hubaki mikononi mwa wanawake.

Aliniletea niisome; nilipofika kwa nahodha nikaacha kusoma.

"Mwanangu, hadithi hizi zina kanuni zake. Nahodha awe mwanamme."

"Baba, si wote wamekwenda dago?"

"Basi abaki mmoja."

"Mvivu huyo," akasema, akicheka.

Mimi sikucheka. Nikaiandika upya kuanzia hapo, na kurasa zake nikazitupa. Nahodha nikamfanya mpika kahawa. Akalia, akaokolewa na yule mvivu. Binti yangu akaipokea hivyo hivyo, kwa kuwa mimi ni baba.

Siku ya kusoma hakuinua macho hata mara moja. Mke wangu akaninong'oneza, "Huyo mwanamke aliaye kutwa ni nani? Kojani kwetu mie simjui."

Nyumbani binti akanikabidhi karatasi. "Hii yako, Baba. Yangu uliitupa."

Nikavirudia vitabu vyangu, na hasira haijaniisha hadi leo. Waandishi wale waliweza kubuni jua la pili, lakini mwanamke anayeshika usukani akawashinda! Nami niliwaamini wao kuliko mke ninayeishi naye nyumba moja. Wao sikuwaona hata siku moja. Mjinga ni mimi.

Bado anaandika. Namsikia jikoni akimsomea mama yake, wanacheka. Nikiingia, anakunja karatasi. "Shikamoo, Baba." Basi.

Wazazi wenzangu, mtoto akikuletea alichokiandika, weka kalamu chini, ukisome chote. Nimemwomba binti yangu anieleze yule nahodha alikiokoaje chombo. Amenijibu kwa adabu kwamba amesahau.